Kamera za Filamu: Ipi Itatengenezeka Miaka 30 Ijayo?

Hotuba kwa wapigapicha na mafundi wa simu, Kisumu

Mabibi na mabwana, wapigapicha wenzangu, na ninyi mafundi wa simu kutoka Kondele na barabara ya Oginga Odinga mliofunga vibanda mapema ili mje kutusikiliza: amosou uduto, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nijibu swali ambalo vijana huniuliza kila wanapokuta kamera ya filamu ya mitumba, iwe sokoni Kibuye siku ya Jumapili au nyumbani kwa mtu anayeuza vitu vya marehemu babake. Nichukue ya betri, au ile inayofanya kazi bila betri? Wengi wao hawaulizi kuhusu uzuri wa picha. Wanataka kujua ipi itakuwa bado inafanya kazi wakiwa na watoto wa kupigwa picha.

Jibu langu nalitoa sasa hivi, muda uliobaki niutumie kulieleza. Kamera inayodumu ni ile ambayo ikiharibika kuna mtu wa karibu anayeweza kuifungua, akaelewa kilichoharibika, na akapata cha kuweka mahali pake. Kwa kipimo hicho kamera ya springi na gia inashinda, ila si kwa umbali ule ambao watu hujigamba nao mtandaoni. Na zile za elektroniki tunazozitupa hapa mjini, nyingi bado zina uhai. Zimekosa fundi tu, na fundi wake amekaa kwenye viti hivi.

Nianze na hii niliyoishika, Pentax K1000. Ilitoka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, ndiyo maana hadi leo si vigumu kuikuta. Ndani yake, kazi kubwa inafanywa na shata, yaani mlango wa mwanga, ambao ni mapazia mawili ya kitambaa. Ukibonyeza, pazia la kwanza linakimbia kufungua njia, la pili linalifuata kuifunga, na ule mwanya ulio kati yao ndio unaopitisha mwanga hadi kwenye filamu. Kinachoyavuta ni springi, na springi hiyo umeikaza wewe mwenyewe kwa kidole gumba ulipokuwa ukisongeza filamu. Ukitaka kasi ya chini, kama nusu sekunde, kuna kikundi cha gia ndogo kinachozuia pazia la pili lisitoke mapema. Betri ni ya kipimamwanga peke yake. Itoe kabisa, na kamera itapiga kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 vilevile.

Sasa naiweka kwenye sekunde 1. Naomba tunyamaze kidogo, msikilize.

Mmesikia? Mlio umeanza vizuri, katikati ukazubaa, kisha ukamalizia kwa kujikokota. Ilipaswa kuchukua sekunde 1, imechukua karibu 2. Hakuna kitu kilichovunjika hapa. Grisi ya kiwandani imezeeka ikawa na unato, na zile gia ndogo zinapita ndani yake kwa shida. Unaifungua kamera hadi uufikie mtambo wa kasi za chini, unauosha kwa petroli ya viberiti, ile ya kujazia laita, unauacha ukauke kabisa, kisha unagusa kila mhimili kwa mafuta ya saa yaliyoshikwa na ncha ya sindano. Nasema unagusa. Ukimwaga, mafuta yatasambaa hadi kwenye mapazia, na hapo utakuwa umejiongezea kazi.

Kamera ya namna hii huzeeka kama baiskeli ya Black Mamba: inalia, inalegea, inakuwa nzito miezi mingi kabla ya kugoma, na anayeizoea anajua kila mlio unatoka wapi. Hilo ndilo linalonipa imani nayo kuliko umaarufu wake wote. Inakupa muda. Unaweza kuiona shida ikija, ukaitafutia fundi kabla ya harusi ya watu.

Kasi za juu hazipimiki kwa sikio. Zamani chombo cha kuzipimia kilikuwa cha karakana kubwa zenye pesa. Leo unachukua kihisi kidogo cha mwanga, unakiunga kwenye waya wa maikrofoni ya simu, unaweka taa upande mmoja wa shata na kihisi upande wa pili, unarekodi kama unavyorekodi sauti. Ukiifungua rekodi hiyo kwenye programu ya kuhariri sauti, unaona mahali mwanga ulipoingia na mahali ulipokatwa, na unasoma muda uliopita katikati. Tumia vihisi viwili, kushoto na kulia, utajua pia kama mapazia yote mawili yanakimbia kwa mwendo mmoja. Yakipishana, kwenye 1/1000 upande mmoja wa picha utatoka mweusi, na dawa yake ni kukaza springi husika kidogo sana, kupima tena, kukaza tena. Kazi hii yote inafanyika juu ya meza ya kawaida, na vifaa vyake vinapatikana hapa mjini.

Tuwe wakweli lakini. Springi huchoka. Kamera ya makanika, yaani ya springi na gia, iliyoandikwa 1/1000 mara nyingi inatoa 1/700 au chini ya hapo, na mwenyewe hajui. Kitambaa cha pazia hukakamaa kikapata vitundu vya kupenyeza mwanga. Meno ya gia hukatika mtu akilazimisha mkono wa kusongeza. Pini, skrubu au wenzo uliovunjika, fundi mwenye tupa na subira anaweza kukuchongea, na hapa Kisumu wapo jua kali wanaochonga vipande ambavyo ukiviona huamini. Gia ndogo kama punje ya mtama ni habari nyingine. Hiyo tunaitoa kwenye kamera iliyokufa. Kwa hiyo hata upande wa makanika tunategemea spea ambazo hazitengenezwi tena, tofauti ni kwamba tunazihitaji chache.

Upande wa elektroniki, kwanza niitetee, maana hutukanwa bure. Nikon ilitoa FM2 mwaka 1982 na FE2 mwaka 1983. Ukizishika zote mbili gizani huwezi kuzitofautisha kwa urahisi, na zote zinafika 1/4000. Ya kwanza inaongozwa na springi na gia. Ya pili ina sumaku-umeme inayoshikilia shata hadi saketi iseme achia. FE2 inashika kasi zake kwa uaminifu zaidi, na inaweza kujichagulia kasi ukishaamua uwazi wa lenzi. Kwa mpigapicha anayefukuza watoto kwenye mwanga wa ufukweni Dunga unaobadilika kila wingu likipita, huo ni msaada mkubwa. Lakini betri ikiisha, FE2 inabaki na kasi moja tu ya makanika, 1/250, pamoja na ile ya kushikilia shata wazi. FM2 inaendelea na kasi zake zote. Mwaka 2001 Nikon ikaleta FM3A yenye njia zote mbili ndani ya mwili mmoja: ukichagua kasi mwenyewe, makanika inafanya kazi, ukiiachia ichague, saketi inashika usukani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kamera iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika mjadala huu, na bei yake leo inaonyesha kwamba siko peke yangu.

Canon AE-1 ya 1976 ndiyo iliyogeuza mambo. Ilikuwa kamera ya kwanza ya SLR, yaani ya lenzi moja yenye kioo cha ndani kinachoinuka, kuendeshwa na chipu ya kompyuta, na chipu hiyo ikachukua nafasi ya mamia ya vipande vya chuma. Kuiunda kiwandani kukawa rahisi, bei ikashuka, na watu ambao hawakuwahi kuota kamera nzuri wakaipata. Siwezi kulisema vibaya jambo hilo. Ila ilikuja na sharti lake: bila betri ya volti 6, bonyeza utakavyo, hakuna kinachotokea.

Na chipu? Ilitengenezwa kwa ajili ya kamera hiyo peke yake, katika miaka hiyo peke yake. Haiuzwi. Hakuna tupa ya kuichonga. Ikiungua, unaitoa kwenye kamera nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti, au unaiweka kamera kwenye sanduku la spea. Tena haikuonyi. Jioni inapiga, asubuhi kimya. Hapo ndipo kamera ya elektroniki inaposhindwa kweli, na hakuna namna ya kulipamba.

Sasa nije kwa mafundi wa simu. Kamera za elektroniki zinazoletwa mezani kwangu zikiwa zimetangazwa maiti, mara chache sana tatizo ni chipu.

Tatizo la kwanza ni betri iliyosahaulika ndani. Fungua kifuniko utaona unga mweupe, wakati mwingine wa kijani, umekula mabati ya kugusia betri. Betri za alkalini huvuja alkali, kemikali iliyo kinyume cha asidi, kwa hiyo tunaijibu kwa asidi nyepesi: tone la siki au ndimu kwenye kijiti cha pamba, linachemka kidogo, unafuta, kisha unasafisha kwa spiriti. Shika multimita, kile chombo cha kupimia umeme, ufuate waya kutoka kwenye bati hadi kwenye bodi, maana ule ukali hupanda ndani ya waya ukaula chini ya plastiki mahali usipopaona. Waya ukisoma vibaya, ubadilishe. Ninyi hufanya hivi kila siku kwa simu zilizoingia maji.

La pili ni kapasita, kile kipande kinachohifadhi chaji ya umeme. Minolta X-700 ya 1981 inajulikana dunia nzima kwa hili: inakwama, shata haitoki, mkono wa kusongeza haukubali, na mwenyewe anaapa kwamba gia zimevunjika. Mara nyingi ni kapasita moja ndogo iliyokufa, rahisi kufikiwa ukifungua bamba la chini. Unailehemu mpya, kamera inaamka. Ni kitu cha bei ya chai na mandazi. Nikifikiria X-700 ngapi zimetupwa kwa ajili ya kapasita ile naumia, kwa sababu ni kamera nzuri sana.

La tatu linashangaza wengi: makanika iliyomo ndani ya kamera ya elektroniki. AE-1 inayokohoa au kupiga kelele kila ukibonyeza, chipu yake haina kosa. Ni gia ya mtambo wa kioo iliyokauka mafuta. Yashica Electro 35, iliyotoka 1966 na jina lake lenyewe likitangaza umeme, huugua kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira ndani kilichooza. Kinachongwa kipya kutoka kwenye kipande cha mpira wowote mgumu wa unene unaofaa. Zile Canon EOS za mwanzo, za mwisho wa miaka ya 1980, zina kisponji cha kupokea kishindo cha shata ambacho huyeyuka kikawa kama lami, kikagandisha mabamba ya shata. Unayafuta kwa petroli ya viberiti, taratibu, bila kuyakunja, na unakitoa kisponji chenyewe la sivyo lami itarudi. Sponji za kuzuia mwanga mlangoni nazo huoza kwenye kamera zote, ziwe za betri au zisiwe, na kuzibadilisha ni kazi ya jioni moja kwa anayeanza.

Hapa naomba umakini wenu wote. Kamera yenye flashi ndani, hata ile ndogo ya plastiki, hata ile ya kutumia mara moja, ina kapasita kubwa inayobeba karibu volti 300. Inaweza kubaki na chaji hiyo muda mrefu baada ya betri kutolewa. Ninyi mmezoea volti 4 za simu, mnashika bodi kwa vidole, na mazoea hayo yatakuumiza hapa. Usiguse bodi ya kamera yenye flashi kabla ya kuitoa chaji kwa rezista, kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, na usiamini kwamba imeisha mpaka multimita iseme. Bisibisi ya kuunganisha miguu miwili ya kapasita sitaki kuiona mezani kwangu. Inatoa cheche, inaunguza, na ndiyo inayoua chipu tunayotaka kuiokoa.

Betri zenyewe ni swali ambalo hata wenye kamera za makanika hawalikwepi. Vipimamwanga vingi vya miaka ya 1960 na 1970 viliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haikushuka nguvu hadi siku inayokufa. Zebaki ni sumu na betri hizo zimeacha kutengenezwa, na ni sawa kabisa. Lakini Olympus OM-1 ya mwanzo wa miaka ya 1970 ukiipa ya alkalini ya volti 1.5 itakupa vipimo vya uongo, na uongo wenyewe utabadilika kadiri betri inavyochoka. Ninazotumia mimi ni betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, zenye volti 1.4 hivi, na pete ya kuongeza upana ili zikae vizuri. Hufanya kazi kwa kuvuta hewa, na zikishaanza kuivuta hazikai muda mrefu, basi nunua pakiti. Ile ya volti 6 ya AE-1 ikikosekana madukani, panga LR44 nne ndani ya kibomba cha karatasi. Hizo kila fundi wa saa anazo.

Unyevunyevu wetu nitausema kwa ufupi kwa sababu mnaujua. Tuko kando ya ziwa, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati huota ukungu, nyuzi kama za buibui zinazokula mpako wa kioo. Mkoba wa ngozi tundika ukutani kama pambo. Lenzi weka kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, na vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu. Wenzetu wa Nakuru wanasumbuliwa zaidi na vumbi. Ukungu haubagui betri na springi.

Kwa hiyo yule kijana wa Kibuye namwambia nini? Kama unanunua moja tu, na hujui fundi yeyote, chukua ya makanika iliyo rahisi, K1000 au FM2 ukiiweza, uisikilize kwenye sekunde 1 kabla ya kutoa pesa. Kama umepata AE-1 au X-700 kwa bei ya chini, chukua pia, na nyingine iliyokufa ya aina hiyohiyo ukiiona ichukue iwe ya spea. Zile ndogo za kisasa za miaka ya 1990 zenye mota na skrini, nunua ukijua kwamba bodi na mota vikifa hakuna pa kwenda. Zinapiga picha nzuri. Zifurahie, usizirithishe.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi kuliko chipu zote. Desemba 2022 Pentax, ambayo sasa ni chapa ya kampuni ya Ricoh, ilitangaza kwamba inataka kutengeneza kamera mpya ya filamu. Hiyo ndiyo chapa iliyotoa K1000 kwa zaidi ya miaka 20. Na bado wahandisi wake vijana ilibidi wawatafute wazee waliostaafu, wakae nao na michoro ya zamani, wafundishwe upya namna ya kuunda mkono wa kusongeza filamu. Kamera hiyo, Pentax 17, ilitoka 2024, na inasongezwa kwa kidole gumba kama hii niliyoshika. Shata yake hata hivyo ni ya elektroniki. Ikiwa Japani, kwenye kiwanda chenyewe, maarifa hayo yalikuwa yamebaki kwa wastaafu, sisi huku tutegemee nini? Mafundi wa saa wanapungua mjini mwaka hata mwaka, na hao ndio waliokuwa na mikono inayofaa kwa springi. Ninyi mafundi wa simu mna upande wa pili wa kazi hii: mnasoma michoro ya saketi, mnalehemu vitu visivyoonekana kwa jicho, mnajua kufuata hitilafu badala ya kubahatisha. Miongozo ya mafundi ya kamera nyingi za zamani imeshapigwa skani na inapatikana. Kinachokosekana ni watu wawili hawa kukaa meza moja.

Tumeruhusiwa kutumia ukumbi huu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa 3 asubuhi. Nitaleta vifaa vya makanika, mafuta, na kipimio cha shata. Fundi wa simu alete chuma cha kulehemu na multimita yake. Mpigapicha alete kamera iliyolala kabatini, na asiitie betri mpya kwanza, aje nayo jinsi ilivyo. X-700 nazitafuta kwa namna ya pekee, hata zilizopasuka, kwa kuwa ndizo za kuanzia kujifunza. Zenye flashi ziwekwe kwenye meza ya kulia, na mtu asizifungue mpaka tumezitoa chaji pamoja.

Sasa naona mkono pale nyuma. Karibu uulize, dada.